Njia ya Pili Hulala Macho



Ofisini kwenu, au shuleni kwa mwanao, au kwenye hoteli uliyolala juzi kule ufukweni, kuna kijisanduku kimepigiliwa ukutani nyuma ya mlango. Kina matundu 8, au 24, na kila tundu lina waya wake na kitaa cha kijani kinachopepesa. Hakuna anayekitazama mpaka siku mtandao utakapokata. Kinaitwa swichi. Vijana wengi wa hapa pwani wanakesha nacho siku hizi wakijiandaa na mtihani wa ufundi wa mitandao, na mimi niliyekesha nacho kabla yao nina neno moja la kuwaambia, wao na hata wewe usiyefikiria kuugusa mtihani huo maishani.

Nianze na kisa. Miaka kadhaa iliyopita niliitwa kwenye ofisi moja kando ya barabara itokayo Dar es Salaam kwenda Bagamoyo, mahali fulani kati ya Mapinga na Kiromo. Jina la ofisi tuliache. Simu yenyewe ilikuwa fupi: "Fundi, njoo. Mtandao umekufa wote, hata printa haisikii." Nikaenda na kijana mmoja wa Dunda, hapa kwetu Bagamoyo, aliyekuwa akijifunza kazi kwangu huku akisomea mtihani. Tulipofungua kabati tukakuta vitaa vyote vya swichi vinawaka na kuzima kwa pamoja, mbiombio, kama ngoma iliyopandisha. Siku ya kawaida kila kitaa hupepesa kwa wakati wake, maana kila mtu ofisini ana shughuli yake. Ukiviona vimeshikana mdundo mmoja namna ile, jua kuna kitu kinazunguka humo ndani na hakijui pa kutokea.

Tukavuta waya mmoja mmoja, saa nzima, jasho linatutoka. Mwisho tukakipata. Chini ya meza ya mapokezi kulikuwa na swichi ndogo ya matundu 5, zile za bei ya chini zinazouzwa kila duka, na waya mmoja ncha zake zote mbili zimechomekwa humohumo. Aliyefagia asubuhi aliona ncha ya waya inaning'inia, akajisemea huu umechomoka, akaurudisha mahali alipodhani ndipo pake. Alitenda wema. Wema ule ukaiangusha ofisi nzima.

Kijana wa Dunda akaniuliza swali ambalo ndilo mazungumzo yangu ya leo. "Mwalimu, waya wa ziada unauaje mtandao? Njia zikiwa nyingi, si ndiyo heri?"

Ili tumjibu, msikilizaji, twende kwanza stendi ya Makumbusho, Dar es Salaam, wanakopandia magari ya Bagamoyo. Mfikirie mpiga debe aliyeanza kazi leo. Hamjui mtu. Ila ana macho. Akimwona mzee anashuka kwenye gari la mlango wa tatu, anaandika kichwani: mzee huyu ni wa mlango wa tatu. Baadaye ukija mzigo wa mzee yule, anaupeleka mlango wa tatu bila kumsumbua mwingine. Ukija mzigo wa mtu ambaye hajawahi kumwona, hana budi kupaza sauti kwenye milango yote, isipokuwa ule mzigo ulikotokea: "Huyu ni wa nani?" Na asipomwona mzee wa mlango wa tatu kwa muda, anamfuta kichwani.

Swichi hufanya kazi hiyo hiyo. Kila kompyuta imepewa kiwandani anwani yake ya kudumu. Swichi inasoma mzigo umetoka kwa nani na umeingilia tundu gani, inaweka kwenye daftari lake. Asipoonekana kwa sekunde 300, yaani dakika 5, kwa swichi nyingi jina lake linafutwa. Mzigo wenyewe mafundi huuita fremu. Na kama fremu ni ya mtu asiyejulikana, au ni tangazo la watu wote, swichi inaipaza kwenye matundu yote, isipokuwa lile iliyoingilia.

Sasa weka njia mbili kati ya wapiga debe wawili. Wa kwanza anapaza sauti. Wa pili anaisikia kwenye mlango huu, anaipaza kwenye mlango mwingine. Wa kwanza anaisikia inarudi, haitambui kuwa ni yake, anaipaza tena. Na sauti hii haichoki. Ukubwa wa balaa uko hapo. Ujumbe unaosafiri kwenye intaneti hubeba hesabu ya umri wake, mathalani 64, na kila ruta inayopita inapunguza moja. Hesabu ikifika sifuri ujumbe unatupwa. Fremu ya swichi haina hesabu hiyo. Haizeeki, haifi. Inazunguka na kuzaa nakala zake, na nakala zinazaa nakala, mpaka waya unajaa na hakuna neno la maana linaloweza kupenya. Mafundi huiita tufani, na jina limefaa.

Kwa hiyo jibu la kijana ndilo hilo: njia nyingi zisizo na mpango ni mtego. Lakini usikimbilie kusema basi tuwe na njia moja. Njia moja ikikatika umekwisha. Panya akiitafuna, chumvi ya bahari ikila kiungo chake, kama inavyokula kila kitu cha chuma hapa kwetu, ofisi imelala. Njia mbili zinaua, njia moja inaua. Ufanyeje?

Mwaka 1985 swali hili lilimfikia mhandisi mwanamke, Radia Perlman, aliyekuwa akifanya kazi katika kampuni ya Kimarekani ya Digital Equipment. Mwenyewe husimulia kwamba bosi wake alimkabidhi tatizo hilo siku ya Ijumaa, kisha akaenda zake likizo ya wiki nzima. Usiku uleule jibu likamjia. Jumatatu na Jumanne akaliandika kwa lugha ya kihandisi. Sasa kazi imekwisha, bosi hayupo na barua hasomi, na wiki bado mbichi. Basi mama huyu akaketi akatunga shairi. Shairi hasa, lenye kueleza kanuni yake kutoka mwanzo hadi mwisho, nalo likatangulia mbele ya makala yake ya kitaalamu. Sisi ambao wazee wetu waliweka historia, dini na hata nasaha za ndoa ndani ya tenzi hatuna haja ya kushangaa. Jambo likishaeleweka sawasawa, linakubali kuimbika.

Kanuni yenyewe mafundi huiita spaningi trii. Mimi nitaiita mti wa njia. Inakwenda hivi. Swichi zote hukaa kikao. Kila sekunde 2 zinatumiana salamu. Kwa salamu hizo zinachagua mmoja wao awe mzizi. Kisha kila swichi iliyobaki inatafuta njia yake nafuu kuliko zote ya kuufikia mzizi, na hiyo inaiacha wazi. Njia nyingine zote, hata kama waya wake ni mpya na mzima, zinazibwa. Sikiliza vizuri hapo: zinazibwa, hazikatwi. Tundu lililozibwa linakaa macho, linaendelea kusikia zile salamu, ila mzigo halipitishi. Siku njia kuu ikikatika, salamu zinakoma, na tundu lile linaamka kushika kazi. Katika kanuni ya kwanza, iliyopitishwa kuwa kiwango mwaka 1990, kuamka huko kulichukua sekunde 30 hadi 50. Mwaka 2001 ikaja kanuni ya haraka, inayoweza kuamka kabla hujamaliza kupiga chafya.

Mtihani hupenda sana kuuliza habari ya uchaguzi wa mzizi, na mimi pia ndiyo niipendayo. Manahodha wengi, chombo huenda mrama. Kwa hiyo lazima apatikane mmoja. Kila swichi inaingia kwenye uchaguzi na namba ya kipaumbele, na mwenye namba ndogo ndiye mshindi. Kiwandani zote hupewa namba ileile, 32768. Sasa ikiwa fundi hakugusa kitu, zote zimelingana. Kura inaamuliwaje? Kwa ile anwani ya kiwandani: mwenye anwani ndogo anashinda. Na kwa kampuni moja, mara nyingi mwenye anwani ndogo ni yule aliyetengenezwa zamani zaidi.

Umeona matokeo yake? Ofisi imenunua swichi mpya ya mamilioni, imeiweka kwenye chumba chenye kiyoyozi. Na huko stoo, nyuma ya maboksi ya karatasi, kuna swichi kuukuu imejaa vumbi, feni yake inakoroma. Hiyo ndiyo iliyochukua uongozi. Mizigo yote ya ofisi inainama kupitia stoo, watu wanalalamika mtandao mzito, na hakuna ajuaye sababu, maana hakuna aliyemchagua mzee wa stoo. Alichaguliwa na ukimya wa fundi. Dawa yake ni mstari mmoja wa amri: unaishusha namba ya swichi unayoitaka, kwa hatua za 4096, na uchaguzi umekwisha. Kijana wa Dunda alipoelewa hilo alicheka, akasema, "Kumbe hata kwenye waya, usipopiga kura unapigiwa."

Msije mkadhani haya ni ya ofisi ndogo za kando ya barabara. Novemba 2002, mjini Boston, Marekani, hospitali kubwa ya Beth Israel Deaconess ilipoteza mtandao wake kwa takriban siku nne. Madaktari walirudi kwenye karatasi, na majibu ya maabara yakapelekwa kwa miguu. Chanzo kilikuwa huu huu mti wa njia. Mtandao wa hospitali ulikuwa umekua kwa kuungwa kipande juu ya kipande, na mti ulikusudiwa swichi zisizozidi 7 kwa mfuatano. Mfuatano ukazidi. Siku mtafiti mmoja alipomwaga mtandaoni shehena kubwa ya data, mti ukapoteza hesabu ya matawi yake na tufani ikaanza. Mkuu wa teknolojia wa hospitali hiyo, John Halamka, hakuficha aibu. Alisimulia hadharani kilichotokea, na leo walimu wa mitandao duniani wanafundishia kisa chake.

Sisi wa Bagamoyo, msikilizaji, habari ya mzizi kuhama na njia kuzibwa tunaijua bila kufundishwa na swichi. Karne ya 19 misafara ya Tabora na Ujiji ilimalizikia hapa. Mpagazi aliyeona bahari alijua ametua mzigo. Mwaka 1890 ukaja hapa waya wa simu ya maandishi chini ya bahari kutoka Unguja, ukaendelea Dar es Salaam. Na Unguja yenyewe ilikuwa imeungwa na Aden tangu 1879. Kwa hiyo miaka zaidi ya 130 iliyopita, waya wa dunia ulikuwa umeshagusa mchanga wetu. Lakini mwaka uliofuata, 1891, Wajerumani wakahamishia makao makuu yao Dar es Salaam, kwenye bandari yenye kina. Reli ya kati ikaanzia huko, na mwaka 1914 ikawa imefika Kigoma. Mzizi ulikuwa umehama. Njia ya Bagamoyo ikazibwa.

Ikazibwa, narudia, haikukatwa. Leo ipo lami kutoka Bagamoyo hadi Msata, kilomita 64, inayouvuka mto Ruvu na kuingia kwenye barabara kuu ya Kaskazini. Muulize dereva wa basi la Tanga au Arusha. Foleni ya barabara ya Morogoro ikishikana kuanzia Kimara mpaka Mlandizi, anapinda zake Bunju, anapita kwetu, anatokea Msata. Siku tulivu njia hiyo unaweza kuiona kama ya ziada tu. Siku barabara kuu imefunga, ndiyo inayowafikisha watu msibani kwa wakati. Wazee walisema akiba haiozi. Tundu lililozibwa kwenye swichi ni akiba ya namna hiyo, na fundi asiyeielewa hukiona kitaa chake cha rangi ya chungwa akadhani tundu limeharibika, akaanza kulichokonoa.

Kuna kuziba kwa aina nyingine ambako mtihani unakuuliza. Nenda kwenye hoteli yoyote ya ufukweni kutoka Kaole hadi mjini. Mgeni anataka mtandao wa kutuma picha zake. Mhasibu anatumia mtandao huohuo kulipa mishahara. Swichi ni moja. Nyumba ya Mswahili ilishalitatua jambo hili: wageni wa kupita hukaa barazani, wenyeji wako uani, na paa ni lilelile. Fundi naye huigawa swichi moja kuwa nyumba nyingi za kufikirika, na kila nyumba huiita vilani. Wa baraza hamwoni wa uani.

Tabu inakuja vilani hizo zinapotaka kuvuka kwenda swichi nyingine juu ya waya mmoja. Hapo fikiria jahazi linalovuka kwenda Unguja na magunia ya wafanyabiashara ishirini. Yasichanganyike, kila gunia limepigwa alama ya mwenyewe. Swichi nayo hupiga kila fremu alama ya vilani yake, na nafasi ya alama hiyo inatosha namba 4094 za kutumika. Na kama katika kila jahazi, lipo gunia lisilo na alama. Ni la nani? Swichi hulikabidhi kwa vilani moja teule, kwa desturi ya kiwandani namba 1. Ole wako kama swichi ya Bagamoyo inasema gunia lisilo na alama ni la Juma, na ya upande wa pili inasema ni la Hamisi. Mali ya Juma itaingia kwa Hamisi bila mwizi yeyote kuhusika. Swali hili limewaangusha watahiniwa wengi, na limewaangusha mafundi wenye vyeti pia.

Nimetaja vyeti, basi tuuzungumze mtihani wenyewe. Unaojulikana zaidi hapa kwetu ni wa kampuni ya Cisco, uitwao CCNA. Tangu 24 Februari 2020 ni mtihani mmoja wa dakika 120, na sehemu ambamo swichi imo ina asilimia 20. Ada ni dola 300, yaani laki saba na ushei, kutegemea dola imeamkaje. Cheti kinaishi miaka 3, kisha unakihuisha. Ngazi ya juu yake, CCNP, zamani ilikuwa na mtihani mzima wa swichi peke yake. Ulifutwa Februari hiyohiyo ya 2020, mada zake zikaingizwa kwenye mtihani mpana wa dola 400. Jina hubadilika, ada hubadilika, lakini mti wa njia ni uleule.

Laki saba kwa kijana wa Bagamoyo ni fedha nzito. Ni nauli, ni kodi ya chumba, ni mchango wa mama. Ndiyo maana wengine hushawishika kununua maswali yaliyoibwa, wakayakariri na majibu yake kama kasuku. Mimi simlaumu mtu kwa umaskini. Ila namwambia hivi: aliyekariri kwamba mwenye namba ndogo ndiye mzizi atapata alama moja. Siku atakapofungua kabati akakuta vitaa vyote vinapiga mdundo mmoja, na meneja amesimama nyuma yake anatazama saa, hakuna jibu A, B, C wala D litakalotokea ukutani.

Mazoezi hayahitaji utajiri. Ipo programu iitwayo Packet Tracer, Cisco huitoa bure kwa wanafunzi wake, na ndani yake unaweza kuunda ofisi nzima juu ya kompyuta moja ya mtumba, ukaifunga mizunguko, ukaiangusha, ukaiinua tena bila kumkosesha mtu mshahara. Wenye uwezo kidogo hununua swichi kuukuu, nazo ni mwalimu mzuri. Ila usiichukue swichi ya mtumba ukaichomeka kwenye mtandao wa kazini kabla hujaifuta kumbukumbu. Kuna mpango wa swichi za Cisco kuambukizana orodha ya vilani, na katika mpango huo mwenye namba kubwa ya marekebisho ndiye anayeaminiwa. Ikitokea swichi yako ya mazoezi ina jina lilelile la kundi, na imerekebishwa mara nyingi kuliko za ofisi, itawafundisha wenyeji orodha yake, na orodha ya ofisi itafutika. Tumezoea kusema mgeni njoo, mwenyeji apone. Huyu ni mgeni ambaye akija, mwenyeji anazimia.

Na jambo la lugha. Mtihani ni wa Kiingereza, huwezi kuukwepa. Lakini nimeona vijana wanasoma ukurasa mara tano na maneno yanateleza kama maji juu ya jani la mgomba. Nikiwaambia, haya, nisimulie kwa Kiswahili, kana kwamba unamweleza bibi yako, hapo ndipo wanagundua walipokwama. Ukiweza kumweleza bibi kwa nini tundu zima limezibwa, Kiingereza chake utakimudu.

Sasa tupande juu kidogo tuone swichi inavyoweza kuwa habari ya nchi nzima. Mwishoni mwa mwaka 2000, watoa huduma za intaneti wa Nairobi walichoka kuona barua ya mtu wa mtaa mmoja inakwenda kwa setilaiti mpaka ng'ambo, ndipo irudi mtaa wa pili. Wakakubaliana waunganishe mitandao yao mahali pamoja. Moyo wa mahali hapo ni nini? Swichi. Kampuni ya simu ya taifa ikalalamika kwamba haki yake ya pekee imevunjwa, na mamlaka ya mawasiliano ikaamuru kituo kifungwe baada ya muda mfupi tu. Kesi ikaenda mbele ya baraza la rufaa, na Februari 2002 kituo kikafunguliwa tena. Sisi Tanzania tukapata cha kwetu Dar es Salaam mwaka 2004. Kufunga njia ni elimu. Na kufunga njia isiyopaswa kufungwa, kwa sababu mtu mmoja anataka wote wapite kwake, nako tumekuona.

Kisha ikaja ile Jumapili, tarehe 12 Mei 2024. Unaikumbuka. Simu mkononi, bando lipo, na hakuna kinachofunguka. Waya mbili kubwa za chini ya bahari, SEACOM iliyoanza kazi Julai 2009, na EASSy iliyoanza mwaka 2010, zilikatika kwa pamoja huko kati ya Msumbiji na Afrika Kusini, na Tanzania ikawa miongoni mwa nchi zilizoumia zaidi. Watu wakauliza: si tulikuwa na njia mbili? Tulikuwa nazo. Lakini njia mbili zinazopita korongo moja, mvua ikishuka, ni njia moja. Ofisi ikiwa na waya mbili zilizopitishwa kwenye bomba moja la dari, fundi aliyechimba ukuta kwa tindo amezikata zote kwa pigo moja. Wale wa mitandao iliyokuwa na mlango wa tatu kwingineko walitikisika tu, hawakuanguka.

Hilo ndilo neno nililosema ninalo. Kuongeza njia ni kazi ya fedha. Mwenye fedha ataongeza. Kazi ya fundi ni kujua ipi ipite na ipi ilale, nani awe mzizi kabla bahati haijamchagua, na ile inayolala ipite mbali na ile inayokesha. Na ilale macho, siyo ilale fofofo. Njia ya akiba isiyowahi kujaribiwa huwezi kuijua kama ni njia mpaka siku ya msiba.

Nimalizie pale nilipoanzia. Kijana wa Dunda alifanya mtihani wake, akafaulu. Wiki chache baadaye akaniambia, "Mwalimu, turudi ile ofisi." Tukarudi. Aliitoa ile swichi ya chini ya meza. Akaweka kwenye swichi kubwa kilinzi ambacho, tundu la meza ya mtu likirudishiwa salamu ya swichi yenyewe, yaani likisikia mwangwi wa sauti yake, linajifunga hapohapo, peke yake, na ofisi inaendelea. Akaipa swichi ya chumba cha kati namba ndogo, ikawa mzizi. Kisha akatandaza waya wa pili kwenda jengo la nyuma, akaupitisha ukuta mwingine kabisa, mbali na wa kwanza. Waya uleule wa ziada uliokuwa balaa, safari hii akauweka kwa makusudi.

Tukawatangazia watu kwamba tutafanya jaribio, mtandao unaweza kukata kidogo, wahifadhi kazi zao. Akashika waya mkuu, akanitazama, akauchomoa. Nikaanza kuhesabu kimoyomoyo. Sikufika mbili. Kitaa cha chungwa kikageuka kijani, na printa ya chumba cha pili ikaendelea kutoa karatasi kama kwamba hakuna kilichotokea. Akaurudisha waya, akauchomoa tena, akaurudisha.

Dada wa uhasibu akachungulia mlangoni. "Jamani, hilo jaribio lenu mnaanza saa ngapi? Nataka kujua nisije nikapoteza kazi yangu."

Kijana akafunga kabati. "Tumeshamaliza, dada."